Dondoo muhimu: Treni ya Mwanza ikichelewa

Reli ya zamani ya Tabora–Mwanza, inayopita Isaka na Shinyanga, ni ya njia moja. Ishara zikigoma, treni husubiri stesheni mpaka ithibitike kwamba njia mbele ni nyeupe. Kwa hiyo usimuulize stesheni masta itafika saa ngapi. Muulize imeshatoka stesheni gani, upige hesabu mwenyewe.

Tiketi itunze, bila hiyo huna cha kudai. Basi la kuunganisha usilikatie mapema.

Unaenda Geita? Huko reli haijafika. Ukikwama Isaka mchana, shuka, panda gari la Kahama, uendelee kupitia Kakola. Ukiingia Mwanza usiku, usihofu kivuko: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.