Kukonda Si Kulala Njaa



Katika kikundi kimoja tulichotembelea, akina mama saba walikuwa wamekubaliana kupunguza uzito pamoja. Kila mmoja alitoa shilingi mia moja, na atakayepungua zaidi kwa mwezi mmoja ndiye angezichukua zote. Tuliwasifu sana. Kumbe tungeuliza kwanza wanapunguza namna gani!

Mmoja wao ana ugonjwa wa sukari. Aliacha chakula cha mchana na cha jioni, lakini vidonge vyake akaendelea kumeza kama kawaida. Siku ya tano, akipalilia mahindi, alianza kutetemeka na kutoka jasho, kisha akaketi chini asijue yuko wapi. Jirani alimpa chai yenye sukari nyingi, akapata nafuu. Vidonge vingine vya sukari, na sindano ya insulini pia, hushusha sukari ya damu hata kama hujala kitu. Kwa hivyo mwenye ugonjwa huu asipunguze mlo kabla ya kuongea na daktari au nesi. Na akizirai, msimtie chochote mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

Hata kwa asiye mgonjwa, kushinda njaa ni kujichosha bure. Mchana unaruka chakula, jioni unamaliza sufuria. Tena mwili ukinyimwa chakula hauli mafuta yake peke yake, hula na misuli. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, presha na sukari yake zinaweza kuanza kushuka.

Wengine walijifunga nailoni tumboni wakilima, ati mafuta yatoke na jasho. Jasho ni maji na chumvi. Ukinywa maji, uzito umerudi. Dawa za kuharisha nazo ni hivyo hivyo, na ni hatari zaidi kwa sababu zinakausha mwili. Ndimu je? Iko na vitamini, lakini haiyeyushi mafuta.

Lawama kubwa ilikuwa juu ya ugali. "Sisi tuliacha ugali," walituambia, huku tukiletewa chai na mandazi. Basi tukahesabu pamoja. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hivyo ni vijiko 12 vya sukari. Soda ya mililita 300 ina vijiko kama 8. Na sukuma wiki ilikuwa inaogelea kwenye mafuta! Gramu moja ya mafuta ya kupikia hutia mwili nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Ugali wa kiasi, maharagwe, na mboga nusu ya sahani, hicho ni chakula kizuri kabisa.

Wazee wa hapo walikuwa na hofu yao. Mwanamume akipungua, watu watasema ana ukimwi, au mke hampikii. Maneno hayo yamewafanya wengi walinde kitambi kama mali. Lakini anayekonda bila kujaribu msimpongeze. Aende zahanati apimwe kifua kikuu, sukari na virusi vya ukimwi. Yote matatu yana matibabu.

Kama hamna mzani, tumieni kamba. Kata kamba ya urefu wako, kutoka utosini hadi kisigino, uikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Mama mjamzito asijipime hivi.

Zile shilingi mia saba, akina mama walizinunulia mbegu za mchicha na kunde.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
Nyumbani kwenu mafuta ya kupikia huisha kwa siku ngapi, na ni watu wangapi wanaokula?
Kuna mwenzetu anayekonda na hakuna aliyemuuliza?