Kutoka Mbuzi hadi Zimwi: Michoro ya Wanyama na Kanuni za Kubuni Kiumbe

Mji wa Runzewe uko katika Wilaya ya Bukombe, kwenye barabara itokayo Isaka na Kahama, ipitayo Ushirombo na kuelekea Nyakanazi. Hapo awali sehemu hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Upande wa kusini kuna nyika na mabwawa ya Kigosi, wakaapo nzohe na korongo-nyangumi. Mjini penyewe na vijijini kuna mbuzi, ng'ombe, kuku, mijusi na vinyonga. Kwa hiyo mwanafunzi wa mahali hapo hakosi wanyama wa kuwatazama.

Hata hivyo, mwanafunzi akiambiwa achore mnyama asiyekuwapo duniani, aghalabu huchukua mwili wa simba, akaongeza pembe tatu, akabandika mabawa ya tai, kisha akajaza meno kinywani. Kazi hiyo huisha upesi, wala haimfunzi kitu. Akiulizwa kiumbe hicho hula nini, husimama kwa misuli ipi, au hurukaje, hana jibu. Sababu yake si upungufu wa mawazo. Sababu ni kwamba hajawahi kumtazama kwa makini simba, wala tai, wala hata mbuzi wa nyumbani kwao.

Makala haya yanaeleza jinsi somo la kuchora linavyoweza kuungana na somo la elimu ya viumbe. Hoja yake ni moja: kiumbe cha kubuni ni mtihani wa maarifa ya viumbe halisi. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliwahi kuwashauri wachoraji kwamba viungo vya mnyama wa kubuni vichukuliwe kutoka kwa wanyama walioko, ili mnyama huyo aonekane kuwa ni wa kweli. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautoshi. Viungo hivyo havina budi pia kupatana vyenyewe kwa vyenyewe.

Kutazama kabla ya kubuni

Kazi na ianze kwa mbuzi. Mwanafunzi amchore mbuzi aliyesimama, aliyelala na anayekula, kila mchoro kwa dakika mbili au tatu tu. Michoro hii ya haraka haikusudiwi kupendeza. Inakusudiwa kunasa mwendo na uwiano wa viungo. Baadaye achore sehemu moja moja kwa utulivu: mguu, kwato, jicho, kinywa.

Hapo ndipo makosa yatakapojitokeza. Wengi huamini kwamba goti la mguu wa nyuma wa mbuzi hupinda kinyume na goti la mtu. Sivyo. Goti lake liko juu, karibu na tumbo, nalo hupinda kama la mtu. Kile kiungo kionekanacho katikati ya mguu ni kisigino. Mbuzi husimama juu ya ncha za vidole vyake, na kwato zake ni kucha zilizokua nene. Vivyo hivyo, kiungo cha mguu wa mbele kiitwacho goti kwa kweli ni kifundo cha mkono.

Kisha atazame uso. Macho ya mbuzi yako pembeni mwa kichwa, na mboni zake zimelala kama mstari. Kwa hiyo huona eneo kubwa la nchi bila kugeuka, kama impasavyo mnyama anayewindwa. Macho ya paka yanaelekea mbele pamoja, naye huweza kupima umbali kabla ya kuruka. Taya ya juu ya mbuzi haina meno ya mbele, bali ufizi mgumu. Magego yake ni mapana kwa kusagia. Paka ana chonge za kukamatia na magego yakatayo kama mkasi. Mchoraji akitia chonge za paka katika kichwa chenye macho ya mbuzi, amechora hoja mbili zinazopingana, na lazima aeleze ni ipi iliyo ya kweli.

Vifaa na sababu zake

Ukosefu wa rangi za dukani usiwe kizuizi. Karatasi ya mfuko wa saruji, ikikung'utwa vizuri nje, hufaa kwa michoro mikubwa. Mkaa hutoa weusi. Udongo mwekundu hutoa rangi ya ngozi, kwa kuwa una oksidi ya chuma. Udongo wa manjano una oksidi ya chuma iliyoshikana na maji. Mwalimu akiukaanga juu ya kigae chenye moto mkali, maji hayo hutoka na udongo hugeuka kuwa mwekundu. Hilo peke yake ni jaribio zuri la kemia.

Udongo mkavu haushiki karatasi bila gundi. Uji mzito wa unga wa muhogo hutosha, ila huchacha baada ya siku chache, basi upikwe kidogo kidogo. Nta ya mshumaa hufukuza maji: mwanafunzi akisugua mshumaa mahali pa magamba au manyoya, kisha akapitisha rangi ya maji juu yake, magamba hayo hubaki wazi. Mkaa utumiwe mwishoni, kwa maana chembe zake hukaa juu juu ya karatasi na hufutika kwa kuguswa. Vipande vya magazeti vyaweza kubandikwa kuonyesha mikunjo ya ngozi.

Kutumia rangi za udongo si jambo geni katika kanda hii. Chama cha wacheza nyoka cha Usukuma, kiitwacho Bayeye, kilikuwa na desturi ya kuchora kutani picha za watu, nyoka na mambo ya masimulizi; Hans Cory alichapisha kitabu juu ya picha hizo mwaka 1953.

Maonyo matatu hayana budi kutiliwa mkazo. Kwanza, udongo usichukuliwe kamwe kwenye machimbo ya dhahabu wala kwenye mialo ya kuoshea mawe ya dhahabu. Marudio yaliyobaki hapo ni laini na rangi yake huvutia, lakini wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika marudio. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Udongo wa kuchorea utoke mbali na machimbo, mathalani kwenye shimo la kufyatulia matofali. Pili, mifupa ya kuchora itoke buchani, nayo ichemshwe; mzoga uliookotwa usiguswe, kwa kuwa waweza kuwa na kimeta. Tatu, ngozi, pembe, mifupa na manyoya ya wanyama wa porini ni nyara za Serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa nazo bila kibali.

Ngozi hudanganya, mifupa hueleza

Hatari ya kutazama rangi peke yake yaonekana katika habari za okapi. Mnyama huyu huishi katika misitu ya mashariki ya Kongo, na wenyeji wa msitu wa Ituri walimfahamu tangu kale. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Uganda, alipeleka London vipande vya ngozi yenye milia. Mtaalamu Sclater alipoviona alihukumu kwamba ni vya punda milia wa aina mpya, naye akampa mnyama huyo jina la jamii ya farasi.

Mwaka 1901 ilifika ngozi kamili pamoja na mafuvu mawili. Hapo shauri likabadilika. Kwato zilikuwa za kupasuka, si kwato moja kama ya punda. Zaidi ya hayo, chonge za taya ya chini zilikuwa na ncha iliyogawanyika, nayo ni alama ya jamii ya twiga. Lankester ndiye aliyemtoa mnyama huyo katika jamii ya farasi na kumpa jina la Okapia. Milia ilikuwa kweli, lakini haikuwa ushahidi wa ukoo. Basi mwanafunzi abunipo kiumbe, aanze kwa kiunzi cha mifupa, aweke misuli, na ngozi iwe ya mwisho.

Kanuni ya ukubwa

Njia rahisi ya kubuni zimwi ni kumkuza mnyama wa kawaida. Hapa hisabati huingia kati. Tuseme mbuzi ana kilo 30 na kimo cha sentimeta 60. Akikuzwa mara 10 kwa kila upande, kimo chake kitakuwa mita 6. Unene wa mifupa ya miguu, yaani eneo la mkato wake, utakua mara 10 × 10, yaani 100. Lakini uzito utakua mara 10 × 10 × 10, yaani 1,000, nao utakuwa kilo 30,000. Kila sentimeta ya mraba ya mfupa itabeba mzigo mara 10 kuliko ule wa kwanza. Galileo alieleza jambo hili mwaka 1638, akachora mfupa mrefu mara tatu kuonyesha jinsi unavyopaswa kunenepa kupita kiasi cha urefu wake. Ndiyo maana tembo ana miguu iliyonyooka kama nguzo, na hawezi kuwa mbuzi aliyekuzwa.

Hali kadhalika kwa mabawa. Dume la tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito kabisa warukao, huweza kufikia kilo 18 hivi, na mabawa yake yaliyotandazwa hufikia karibu mita 2.5. Ng'ombe wa kilo 360 ana uzito mara 20. Ili kila sehemu ya bawa ibebe mzigo uleule, eneo la mabawa lazima liwe mara 20, na upana wake kiasi cha mara 4.5, yaani zaidi ya mita 11. Tena, ndege hana mikono mingine: bawa lake ndilo mkono wake, kama lilivyo bawa la popo. Mchoraji amwekeaye ng'ombe mabawa juu ya miguu minne amempa viungo sita, jambo lisilopatikana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Anaweza kufanya hivyo, lakini ajue kwamba amevunja kanuni, na aseme kwa nini.

Mnyama ambaye hakuna mtu aliyemwona

Wanasayansi wenyewe hufanya kazi ya namna hii. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya wanyama walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita ilichimbwa Tendaguru, katika sehemu za Lindi. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, na mamia ya watu walibeba mizigo hiyo hadi pwani. Mifupa ilipelekwa Berlin, ambako kiunzi cha mnyama mkubwa, sasa aitwaye Giraffatitan, kilisimamishwa mwaka 1937. Kimo chake ni mita 13.27. Kiunzi hicho kiliunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na mapengo yakazibwa kwa vielelezo vya plasta.

Miaka mingi mkia wake uliburutwa chini. Kiliposimamishwa upya mwaka 2007, mkia uliinuliwa na miguu ya mbele ikanyooshwa, kwa kufuata maarifa mapya ya viungo. Mifupa haikubadilika, kilichobadilika ni picha ya mnyama hai katika fikira za wataalamu. Picha hiyo ilibuniwa, lakini ilibuniwa chini ya kanuni, ndiyo maana iliweza kusahihishwa. Mchoro usioweza kuonyeshwa kosa lake hauna elimu ndani yake.

Kurudi kwa Shing'weng'we

Wasukuma wana hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wa nchi nzima, na ya kijana Masala Kulangwa aliyeliua na kuwatoa watu tumboni. Msimulizi halazimiki kueleza taya za zimwi. Mchoraji analazimika.

Mwalimu wa wanyama wamezao mawindo mazima ni chatu. Pande mbili za taya yake ya chini hazikuungana kwa mfupa, bali kwa mshipi unaonyumbuka. Meno yake yameelekea nyuma, ili windo lisirudi. Hana mfupa wa kidari, kwa hiyo mbavu zake huweza kutanuka. Tundu la koo la hewa husogea mbele, apate kupumua wakati wa kumeza. Shing'weng'we aliyechorwa kwa sifa hizo atatisha kuliko yule mwenye meno mia, kwa sababu mtazamaji ataona jinsi anavyomeza. Tena patakuwa na faida nyingine. Chatu aliyeshiba ni mzito, na hukaa siku nyingi akisaga chakula. Zimwi la namna hiyo, baada ya kumeza nchi nzima, lisingeweza kukimbia. Na hapo ushindi wa kijana mmoja unaeleweka.

Mazoezi

1. Chora mguu wa nyuma wa mbuzi, wa kuku na wa mtu. Paka rangi moja kwenye kisigino cha kila mmoja.

2. Nzohe ana kwato ndefu zinazotanuka, naye hukaa kwenye mabwawa. Buni mnyama wa mabwawani mwenye uzito wa ng'ombe, na ueleze umbo la miguu yake.

3. Kwa kutumia mkaa, udongo na nta, chora Shing'weng'we katika karatasi tatu: mifupa, misuli, na ngozi. Andika chini yake anakula nini, ana uzito gani, na viungo vyake vimetoka kwa wanyama gani.

4. Badilishaneni michoro. Kila mwanafunzi atafute katika mchoro wa mwenzake kiungo kimoja kisichopatana na vingine, na atoe sababu. Mwenye mchoro ama ajitetee kwa hoja, ama asahihishe.