Alama za Muda katika Unukuzi wa Matini Simulizi: Maandalizi ya Programu ya VLC

1.0 Utangulizi

Unukuzi wa usemi si kazi ya mkono tu. Ni uchambuzi wa awali. Sentensi "Juma amekuja" yaweza kuwa taarifa au swali na, pasipo neno "je", tofauti hiyo hubebwa na kiimbo. Mnukuzi anapoweka nukta au alama ya kuuliza, huwa amekwisha kutoa uamuzi wa kiisimu kwa niaba ya msomaji. Vivyo hivyo, katika kirai "mtoto wa jirani aliyeanguka", kirejeshi chaweza kumhusu mtoto au jirani, na huenda kituo kifupi cha msemaji ndicho kinachodokeza maana iliyokusudiwa. Pasipo alama ya muda, mtafiti mwingine hana njia nyepesi ya kuirudia sauti na kuhakiki uamuzi huo. Makala hii inaeleza jinsi ya kuandaa programu ya kuchezea sauti ili uhakiki huo uwezekane.

2.0 Maandalizi ya Faili

Faili asilia ihifadhiwe bila kuguswa, na unukuzi ufanywe kwa kutumia nakala. Inafaa nakala hiyo iwe ya WAV. Faili za MP3 zenye kiwango cha ubanaji kinachobadilikabadilika huweza kuifanya programu ikadirie mahali inaporukia, na hivyo muda unaoonyeshwa usilingane na sauti. WAV ya mkondo mmoja, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 346 kwa saa moja.

Aidha, rekodi isikatwe baada ya unukuzi kuanza. Sekunde 14 zikiondolewa mwanzoni, kila alama ya muda itapotoka kwa sekunde 14.

3.0 Mpangilio wa Vitufe

VLC, iliyotokana na mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, hupatikana bila malipo. Katika mipangilio yake imo orodha ya vitufe vya mkato. Mnukuzi anahitaji vinne: cha kuchezesha na kusimamisha, cha kurudi nyuma kidogo, cha kupunguza kasi, na cha kurejesha kasi ya kawaida. Katika Windows, vitufe hivyo viwekwe kwenye safu inayoviwezesha kufanya kazi hata dirisha la kuandikia linapokuwa mbele. La sivyo, mnukuzi atalazimika kuhama dirisha kwa kila kirai. Vilevile visigongane na vitufe vya programu ya kuandikia. Mruko mfupi kabisa huwa wa sekunde 3, na waweza kubadilishwa.

Kupunguza kasi husaidia kutambua maneno, lakini hurefusha vituo na kuathiri sauti. Kwa hiyo, uamuzi kuhusu kiimbo na vituo ufanywe katika kasi ya kawaida.

4.0 Uwekaji wa Alama

Muda uandikwe kwa saa, dakika na sekunde, mathalani [00:12:07], mwanzoni mwa kila zamu ya usemi. Msemaji mmoja akiendelea kwa muda mrefu, alama iongezwe kila baada ya nusu dakika. Jina la faili liandikwe juu ya matini, kwani muda usiotajiwa faili yake hauelekezi popote.

5.0 Mipaka na Hitimisho

VLC huonyesha muda kwa sekunde. Kipimo hicho chatosha kwa mahojiano, lakini si kwa usemi unaopishana. Mtambaji asemapo "Paukwa" na hadhira ikaitikia "Pakawa", swali la iwapo kiitikio kilianza kabla ya mtambaji kumaliza huhitaji milisekunde. Kwa uchunguzi wa aina hiyo itumike ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha, Nijmegen, ambayo humpa kila msemaji safu yake.

Kwa vyovyote vile, matini iliyonukuliwa haichukui nafasi ya sauti. Alama ya muda ndiyo inayomwezesha msomaji kumkosoa mnukuzi kwa ushahidi.