Mauzo si faida: TOT na mfanyabiashara mdogo wa Wang'uru

Hotuba ya bajeti inayosomwa kila Juni haibadilishi kodi. Kodi hubadilishwa na Sheria ya Fedha, baada ya Bunge kuipitisha na Rais kuitia saini, na mara nyingi huanza kutumika 1 Julai. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya maandamano, kwa hivyo mwenye duka aliyepandisha bei kwa kusikia mapendekezo yake alifanya haraka.

Badiliko linalomgusa zaidi mfanyabiashara mdogo lilitokana na Sheria ya Fedha ya 2023. Kodi ya mauzo ghafi, ambayo wengi huijua kama TOT, ilipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi 1,000,000 lakini yasiyozidi 25,000,000 kwa mwaka. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba mwaka huo huo.

Neno la kuzingatia hapa ni mauzo. TOT haiulizi mpunga ulinunuliwa kwa bei gani, kinu kilitoza ngapi, wala lori lililipwa nini.

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele wa pishori kando ya barabara ya Embu. Kwa mwaka anauza wa shilingi 2,000,000, na gharama zake zote ni 1,850,000. Faida ni 150,000. TOT yake ni 60,000, yaani zaidi ya thuluthi moja ya faida. Kinyozi anayepata mauzo ya 1,500,000 na kutumia 600,000 atalipa TOT ya 45,000 pekee, ingawa faida yake ni 900,000. Kodi hii humwelemea anayeuza kingi kwa faida ndogo, na wauza mchele wengi wako hapo.

Wengi hawajui kwamba sheria inamruhusu mfanyabiashara kujitoa kwenye TOT kwa kumwandikia Kamishna wa KRA. Akishajitoa, hulipa kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa faida. Kwa asiye na mapato mengine, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, kisha hupunguziwa 28,800 kwa mwaka. Kodi ya muuza mchele wetu ingekuwa 15,000, na baada ya punguzo hilo hangedaiwa chochote. Kinyozi naye, kwa njia hiyo, angedaiwa 178,600. Heri abaki kwenye TOT.

Kujitoa kuna sharti lake: gharama lazima ithibitishwe. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi. Je, anayenunua kwa mkulima asiye na eTIMS? Tangu mwisho wa Desemba 2024, ikiwa mauzo ya mkulima huyo hayazidi 5,000,000 kwa mwaka, mnunuzi ndiye anayetoa ankara kwa niaba yake. Huduma ya eTIMS inapatikana hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Daftari la mauzo na manunuzi liandikwe kila jioni. Kukumbuka miezi sita baadaye hakuwezekani.

Anayebaki kwenye TOT huwasilisha ritani na kulipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akichelewesha ritani hutozwa 1,000 kwa mwezi; akichelewesha malipo, asilimia 5 ya kodi pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Usaidizi unapatikana katika Kituo cha Huduma, Kerugoya.

Leseni ya biashara inayotolewa na kaunti haihusiani na TOT, na kulipa moja hakufuti nyingine. Risiti yake itunzwe: kwa anayetozwa kodi kwa faida, hiyo nayo ni gharama ya biashara.