Wasiwasi, Usingizi na Lugha ya Tiba kwa Vijana wa Kibera

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika tiba ya kisaikolojia kwa vijana wenye wasiwasi na ukosefu wa usingizi. Chombo cha tiba hii ni maneno, hivyo mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuichunguza.

Tuanze na neno lenyewe. Wasiwasi limetokana na Kiarabu, ambamo asili yake ni mnong'ono. Kijana anayekesha akiwazia karo na mtihani ni mtu anayenong'onezwa kweli. Hata hivyo, mitaani atasema tu "nina mawazo" au "nina stresi", na wengi huyachukua kuwa maneno ya uchovu. Akisisitiza, huenda akataniwa kwamba anafaa kupelekwa Mathari, naye atanyamaza.

Mradi wa Shamiri ulilikabili tatizo hilo kwa namna ya kupendeza. Tom Osborn, Mkenya, na wenzake waliujaribu katika shule moja ya sekondari Kibera, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wanafunzi 51 wenye dalili za wasiwasi au sonona waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walifundishwa mbinu za kusoma. Wengine, kwa majuma manne, walijadiliana kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na mambo wanayoyathamini, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni. Dalili zilipungua zaidi katika kundi hili la pili. Jaribio la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lililochapishwa mwaka 2021, liliunga mkono matokeo hayo. Aidha, jina lenyewe lateuliwa vyema: kushamiri ni kustawi, wala halimwiti yeyote mgonjwa.

Usingizi una ugumu wake. Mwaka 1972 Richard Bootzin alieleza mbinu ambayo ingali msingi wa tiba ya kukosa usingizi: asiyelala aondoke kitandani, aende chumba kingine, arudi anaposinzia. Sasa, katika nyumba ya chumba kimoja, ndugu wakiwa wamelala sakafuni, chumba kingine ni kipi? Kutoka nje usiku ni hatari. Mfasiri atakayeandika "nenda sebuleni" atakuwa ameyafasiri maneno na kuiacha tiba, kwa maana shabaha ya Bootzin ilikuwa kuuzuia mwili usizoee kukesha kitandani. Kijana aweza kuketi, mgongo ukiegemea ukuta, hadi kope zimlemee. Kuamka saa ile ile kila asubuhi, ambayo pia ni sehemu ya mbinu hiyo, hakuhitaji nafasi yoyote.

Kwa kijitabu cha vijana wa Kibera, basi, tunapendekeza: "Mawazo yakikuzidi na usingizi usije, inuka ulipolala, keti kando, na urudi utakaposinzia."