Madoa juu ya Sarafu za Fedha

Katika Kiswahili neno "fedha" lina maana mbili: madini meupe yang'aayo, na pesa za kununulia vitu. Maana hizo hukutana katika sarafu za akiba, ambazo watu huziweka kwa ajili ya uzito wa madini yaliyomo. Mfano ni sarafu ya Canada yenye picha ya jani, iliyoanza kutolewa mwaka 1988. Ina uzito wa wakia 1, yaani gramu 31.1, na katika kila sehemu 10,000 za madini yake, 9,999 ni fedha tupu. Hata hivyo hupata madoa, nayo ni ya namna mbili.

1. Madoa meusi. Fedha haishiki kutu kama chuma. Adui yake ni salfa. Gesi yenye salfa ikiigusa, huungana nayo na kufanya utando, kwanza wa manjano, kisha wa kahawia, mwisho mweusi. Ndiyo maana kijiko cha fedha kikilia yai huwa cheusi, kwa sababu yai lina salfa.

2. Madoa meupe. Haya hufanana na matone ya maziwa, na huweza kutokea baada ya miezi mingi, ijapokuwa sarafu haikuguswa. Chanzo kinachotajwa sana ni dawa ya kuoshea vipande vya fedha kabla ya kupigwa chapa: mabaki yake hushikamana na fedha katika joto la tanuri. Mwaka 2018 kiwanda cha Canada kilitangaza njia ya kuyazuia.

Je, tuyasugue? Hasha! Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa. Anayesugua kwa majivu au mchanga huondoa fedha yenyewe. Reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, iliyotumika zamani pwani ya Afrika Mashariki, ikisuguliwa hivyo hupoteza sura na maandishi, na mnunuzi wa sarafu za kale huishusha bei.

Jaribio: Tandaza karatasi ya alumini ndani ya bakuli, weka kijiko cheusi cha fedha kiiguse, tia magadi ya kuokea na maji ya moto. Alumini itaipokonya fedha salfa yake, na kijiko kitang'aa. Sarafu ya kale msiitie humo.

Swali: Kijiko kinapokuwa cheusi, uzito wake huongezeka au hupungua? Toa sababu.