Somo: Namna ya Kutambua Ugonjwa wa Huzuni kwa Watoto na Vijana



Familia nyingi zilizokuwa katika kambi za Bulengo na Lushagala, karibu na Goma, zilihama tena Februari 2025. Mtoto aliyekimbia mara mbili au tatu huhuzunika, na huzuni hiyo peke yake si ugonjwa. Wengi hutulia wakipata ulinzi, chakula, masomo na mtu wa kuwasikiliza. Lakini wengine huzama katika ugonjwa wa huzuni, yaani sonona. Mara nyingi hatuwatambui, kwa sababu mtoto mkimya tunamsifu kuwa ana adabu.

Tujiulize maswali matatu:

1. Je, amebadilika? Mlinganishe na alivyokuwa zamani, si na mtoto wa jirani. Mtoto mdogo hulalamika tumbo au kichwa, hukojoa tena kitandani, hataki kumwachilia mama yake. Kijana hukasirika ovyo, hujitenga, au huanza pombe. Hata michezo aliyoipenda haimfurahishi tena.

2. Je, hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi?

3. Je, inamzuia kuishi kama kawaida? Hapati usingizi, hataki chakula, ameacha masomo au kazi za nyumbani.

Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, mpelekeni kituo cha afya. Malaria, upungufu wa damu na njaa pia humlegeza mtoto. Muganga ndiye atakayepima. Kazi yetu ni kutambua dalili mapema.

Zungumzeni naye faraghani, bila kumlazimisha kusimulia mambo ya vita. Akisema "heri ningekufa", mwulizeni wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Ondoeni dawa, kamba na visu karibu naye, mumpeleke siku ileile.

Tusimpige wala kumwita mchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Kiongozi anayesikia maneno hayo ayazuie mapema, kabla mtoto hajafukuzwa nyumbani.

Swali la kuzungumzia pamoja: Katika mtaa wetu, ni mtoto gani ambaye hatujamwona akicheza kwa majuma mawili, na nani atakwenda kumsalimu leo?